Laptopu ya zamani: kuifungua mwenyewe au kununua nyingine?

Swali hili huulizwa kana kwamba lina pande mbili tu, huku mashine ya zamani iliyochoka na kule mashine mpya inayong'aa. Kwa wanunuzi walio wengi wa Dar es Salaam au Nairobi, hiyo mpya haimo hata katika mazungumzo. "Nyingine" wanayoitafuta ni laptopu iliyokwisha kufanya kazi miaka mitano, sita au minane katika ofisi ya Ulaya, Marekani au Ghuba, ikafutwa vumbi, ikapangwa kwenye shelfu ya duka Kariakoo au Luthuli Avenue, na kuuzwa tena, mara nyingi ikiwa na betri ileile iliyotoka nayo kwa mwajiri wake wa kwanza. Anayelinganisha kwa haki, basi, analinganisha uzee anaoufahamu na uzee asioufahamu. Mashine mpya ya kwenye boksi ni njia ya tatu, nami nitaifikia huko mbele, kwa sababu zile za bei ya chini kabisa zinanitia wasiwasi kuliko hata mtumba.

Ili maneno yasielee, nitashika mfano mmoja: laptopu za ofisi za mwaka 2016, za daraja la HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E7470 na Lenovo ThinkPad T460. Zote tatu zina kioo cha inchi 14 na prosesa za Intel za kizazi cha sita, na zote zilikusudiwa makampuni yenye mafundi wao wenyewe, ndiyo maana kifuniko cha chini hufunguka kwa bisibisi ndogo ya nyota na vifaa vya ndani huchomolewa bila kuvunja kitu. Laptopu yangu ni ya rika hilo, nami niliitumia mpaka ikanifikisha mahali pa kuamua. Ilichukua karibu dakika nne tangu kuwashwa hadi kukubali kuandika, betri haikuvuka dakika ishirini umeme ulipokatika, na feni ilinguruma hata nilipokuwa nimefungua barua moja tu. Kila niliyemwonyesha alisema neno moja: "Hiyo imekwisha, kaka. Tafuta nyingine."

Kilichochakaa ni nini hasa

Hakuna mwenye bodaboda anayeuza pikipiki kwa sababu tairi zimeisha. Laptopu nayo ina tairi zake, yaani vifaa ambavyo tangu siku ya kwanza vilijulikana kuwa vitachakaa kabla ya mashine yenyewe: diski ya kuzunguka, betri, na ile pesti inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa. Prosesa, kioo na ubao wenyewe, ambao mafundi huuita madabodi, huweza kuishi miaka mingi baada ya hivyo vingine kufa. Hatua ya kwanza, kwa hiyo, ni kujua kilichokufa, na kazi hiyo haihitaji bisibisi wala senti moja.

Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja katika Windows, utapata dirisha linaloonyesha jinsi kila kifaa kinavyotumika. Ikiwa diski inakaa kwenye asilimia 100 kwa dakika kadhaa baada ya kuwasha mashine, ilhali prosesa iko asilimia 10 au 15, umeshampata mshukiwa. Diski za kuzunguka zilizofungwa katika laptopu nyingi hukimbia mizunguko 5,400 kwa dakika, nazo zikisoma faili moja kubwa kwa mfululizo hufikia megabaiti 100 hivi kwa sekunde. Lakini zikilazimika kuokota vipande vidogo vilivyotapakaa huku na huku, na ndivyo mfumo endeshi unavyowaka, hushuka hadi megabaiti moja kwa sekunde au chini ya hapo. SSD, yaani hifadhi isiyo na kitu kinachozunguka, ile ya kawaida ya SATA, husoma zaidi ya megabaiti 500 kwa mfululizo, na kwa vile vipande vidogo huipita diski ya kuzunguka mara kadhaa kadhaa. Ndiyo maana mtu hubadili diski peke yake akadhani amebadili mashine.

Kuhusu betri, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika `powercfg /batteryreport`, kisha fungua faili litakalotengenezwa. Humo mna namba mbili zinazokaa jirani, moja ikiwa uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, nyingine ikiwa uwezo wake wa leo ikijaa. Kwangu namba ya kwanza ilizidi 46,000 na ya pili haikufika 15,000. Betri iliyobaki na chini ya theluthi ya uwezo wake haina ugonjwa wa kutibiwa. Imetimiza ahadi yake na inadai mrithi. Betri za lithiamu za laptopu huanza kushuka hadi asilimia 80 hivi baada ya mizunguko kati ya 300 na 500 ya kujazwa na kumalizwa, na mashine iliyofanya kazi ofisini kila siku huipita idadi hiyo mapema.

Feni inayonguruma ni dalili ya joto, na joto hutokana na vumbi au pesti iliyokauka. Katika miji yetu, ambako madirisha hukaa wazi na barabara nyingi za mitaani hazina lami, ningeshangaa kukuta laptopu ya miaka minane isiyo na vumbi ndani.

Jumamosi moja na bisibisi

Watu huitaja kazi hii ama kama jambo la dakika kumi, ama kama upasuaji wa moyo. Kwangu ilimaliza Jumamosi nzima mara ya kwanza. Mara ya pili, kwa mashine ya jirani, ilikwisha kwa muda usiofika saa mbili.

Kanuni ninayoisisitiza kuliko zote ni kwamba ufungue kwanza, upige picha, ndipo uende dukani. Zile mashine tatu nilizozitaja ni za mwaka mmoja na prosesa za kizazi kimoja, lakini ndani hazifanani. ThinkPad T460 hutumia RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya DDR3L, ilhali EliteBook 840 G3 na Latitude E7470 hutumia DDR4, na pengo dogo lililochongwa kwenye ukingo wa kila aina limewekwa mahali tofauti ili moja isiingie pa mwenziwe. EliteBook hiyo ina nafasi ya diski ya inchi 2.5 pamoja na nafasi ya M.2, yaani ya kile kibao chembamba cha hifadhi cha upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. E7470 haina nafasi ya inchi 2.5 kabisa. Zaidi ya hapo, SSD mbili za M.2 zenye umbo lilelile zinaweza kuzungumza lugha mbili, moja SATA na nyingine NVMe, na si kila nafasi inazielewa zote mbili. Mnunuzi anayeingia dukani na kusema tu "nataka SSD ya laptopu" anamwachia muuzaji amchagulie, na muuzaji humchagulia iliyopo.

Kabla ya kugusa chochote ndani, zima mashine kabisa, chomoa chaja, shika kipande kikubwa cha chuma ili umeme tuli uliomo mwilini utoke, kisha chomoa waya wa betri kwenye ubao. Huu wa betri ndio wa kwanza kutoka na wa mwisho kurudi. Skrubu nilizichomeka kwenye karatasi ngumu niliyochora umbo la kifuniko, kila moja mahali ilipotoka, kwa sababu urefu wake umetofautishwa kwa makusudi: skrubu ndefu ikikazwa kwenye tundu la skrubu fupi inaweza kusukuma kibodi kutoka chini au kukwaruza njia ya umeme juu ya ubao. Kifuniko chenyewe hushikwa pia na meno ya plastiki pembeni, na kuyaachanisha nilitumia kadi ya benki iliyokwisha muda wake, si bisibisi, ambayo huacha makovu.

Ndani nilikuta jambo lililoeleza ile ngurumo yote. Kati ya feni na zile pezi za shaba zinazotoa joto, vumbi lilikuwa limejibana likawa kitambaa cha kijivu, kinene kama blanketi ya mtoto mchanga, kiasi kwamba nilikinyanyua kizima kwa kibanio. Feni ilikuwa ikizunguka kwa nguvu zake zote ikipuliza ukuta. Ukilipuliza vumbi la namna hiyo, zuia mapanga ya feni kwa kijiti cha meno, maana kuyaacha yazunguke ovyo kwa upepo wa nje huharibu bea zake. Pesti ya zamani ilikuwa imekauka ikawa kama chokaa. Niliifuta kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, nikaweka mpya kiasi cha punje ya choroko, kisha nikakaza skrubu za bamba la joto kwa kufuata namba zilizochapwa kando ya kila moja, kidogo kidogo, ili bamba likae sawasawa.

Sitaficha kwamba uhodari huo una gharama niliyoilipa zamani. Katika laptopu niliyokuwa nayo kabla ya hii, nilivuta waya bapa wa kibodi bila kuinua kile kikufuli chembamba kinachoushikilia, kikakatika, na kwa miezi mingi nikaandika kwa kibodi ya nje iliyokaa mezani kama mgeni asiyeaga. Vikufuli hivyo havikazwi wala havivutwi. Huinuliwa kwa ukucha hadi visimame, ndipo waya hutoka wenyewe. Anayeona kwamba mikono yake haina subira ya kiasi hicho, ampe fundi kazi hiyo na kuikalia pembeni akitazama. Bado ataokoa fedha, na ataondoka na vifaa vyake vyote.

Mahali ambapo bisibisi haifiki

Kuna hitilafu ambazo sizihesabu kuwa za mtu binafsi. Maji au chai iliyoingia ndani ya mashine huendelea kula ubao kwa wiki kadhaa baada ya kukauka, na laptopu iliyonusurika hivyo naichukulia kuwa ya muda. Tundu la kuchajia lililolehemiwa kwenye ubao, mashine inayojizima bila utaratibu hata baada ya kusafishwa, na mistari ya kioo inayobadilika ukigusa pembe ya ubao, vyote vinahitaji vifaa na uzoefu wa fundi wa madabodi, na hata huyo mara nyingi hukupa kazi isiyo na dhamana ya kueleweka. Kioo kilichopasuka kiko katikati: kukibadili si kugumu, lakini bei yake kwa mashine ya mwaka 2016 huanza kula sehemu kubwa ya bei ya mashine nzima.

Betri iliyovimba ni habari ya pekee. Ukiona padi ya kipanya imeinuka au kifuniko hakifungi, acha kuichaji siku hiyohiyo, usiitoboe wala kuibana kwa nguvu, na usiitupe kwenye jaa la mtaani ambako huchomwa pamoja na taka. Ipeleke kwa fundi au mnunuzi wa taka za kielektroniki anayejua anachopokea.

Tena kuna mashine zilizofungwa tangu kuzaliwa. MacBook Air ya mwaka 2020 yenye chipu ya M1 ina RAM iliyowekwa pamoja na chipu yenyewe, na hifadhi yake imelehemiwa kwenye ubao; aliyeinunua na GB 8 atakufa nayo na GB 8. Laptopu nyingi nyembamba za makampuni mengine zimefuata njia hiyohiyo, au zimelehemu nusu ya RAM na kuacha nafasi moja. Kwa mashine za aina hii kujitengenezea kunaishia kwenye betri na usafi. Hilo halizifanyi kuwa mbaya, ila linakutaka uamue siku ya kununua kile ambacho mwenye ThinkPad T460 anaweza kukiamua miaka mitano baadaye.

Ukuta wa tarehe 14 Oktoba 2025

Hadi hapa mizani imeelemea upande wa kutengeneza, na kwa miaka mingi ningeishia hapa. Kilichobadilisha hesabu ni kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Zile mashine zetu tatu za mwaka 2016 zinabaki nje ya mlango hata zikiwa na SSD mpya, betri mpya na RAM ya GB 16. Microsoft iliweka mpango wa kuendelea kuwapa watumiaji binafsi masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, lakini hiyo ni nyongeza ya muda tu. Kuna pia njia za kuilazimisha Windows 11 iingie katika mashine isiyoruhusiwa, nami nimeziona zikifanya kazi, ila siwezi kumshauri mtu aweke hesabu za biashara yake juu ya msingi ambao mwenye nyumba hajautia saini.

Hapa ndipo kazi unayoifanya inapoamua kuliko umri wa mashine. Ikiwa maisha yako ya kompyuta yako ndani ya kivinjari, yaani barua, fomu za serikali, mikutano ya video na nyaraka za kawaida, Linux Mint au Ubuntu, mifumo endeshi ya Linux inayochukua nafasi ya Windows, zitaipa mashine ya mwaka 2016 miaka mingine mizuri bila kulipia leseni. Unaandaa flashi, unawasha mashine kutoka kwenye flashi hiyo, unaijaribu kwa saa nzima kabla ya kufuta chochote, na unaangalia hasa kama waifai, sauti na printa yako vinaitika. Mashine za ofisi za rika hili huitikia vizuri kuliko za nyumbani, kwa kuwa vifaa vyake vimekwisha kujulikana miaka mingi na waandishi wa Linux. Ikiwa kazi yako inategemea programu ya uhasibu au ya uchoraji iliyotengenezwa kwa Windows peke yake, usijidanganye kwamba utazoea mbadala wake mwezi wa kufunga hesabu. Wewe ni wa kununua.

Ukinunua, soma namba

Kwa anayenunua mtumba, tarakimu inayofuata kistari katika jina la prosesa ya Core ya miaka hiyo ndiyo kizazi chake: i5-6300U ni ya kizazi cha sita, i5-7200U ya saba, i5-8250U ya nane. Kutoka ya saba kwenda ya nane si hatua ya tarakimu moja tu. Prosesa za i5 za laptopu nyembamba zilikuwa na viini (sehemu zinazofanya hesabu kwa wakati mmoja) viwili hadi kizazi cha saba, zikapata vinne katika cha nane, na tofauti hiyo unaiona siku unapokuwa kwenye mkutano wa video huku kivinjari kina vidirisha ishirini. Mwenye mashine ya kizazi cha sita anayeuza na kununua ya kizazi cha saba kwa sababu "ni mpya kidogo" amelipia rangi. Namba hiyo hubandikwa pia vibaya, kwa kujua au kwa kutojua, kwa hiyo isome ndani ya mfumo, si kwenye stika.

Mashine za kizazi cha nane zinazofaa kuangaliwa ni warithi wa zile tulizoanza nazo: EliteBook 840 G5, Latitude 7490 na ThinkPad T480. Hizi huingia Windows 11 kwa njia halali, na bado hufunguka kwa bisibisi. Hizi nazo ni mtumba, na maswali yote ya betri, vumbi na pesti yanahamia kwazo bila kupungua. Tofauti ni kwamba sasa hujui nani alizimwagia nini.

Na zile mpya za kwenye boksi? Za bei ya kati na ya juu sina neno baya juu yake. Mwenye uwezo na mwenye kazi nzito anunue, apate dhamana, betri changa na miaka mingi ya masasisho. Ninaozungumza nao ni wale wanaovutiwa na boksi lisilofunguliwa la bei ya chini kabisa. Ndani yake mara nyingi mna prosesa kama Celeron N4020, RAM ya GB 4 iliyolehemiwa, na hifadhi ya eMMC, aina ya bei nafuu iliyolehemiwa kwenye ubao, ya GB 64. Hicho ni kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali, GB 4 na GB 64, maana yake mashine imezaliwa ikiwa imegusa dari. N4020 ina viini viwili na nyuzi mbili, yaani kazi mbili inazoweza kushika kwa wakati mmoja. I5-6300U ya mwaka 2015 ina viini viwili na nyuzi nne, na kasi yake ya msingi ni gigahezi 2.4 dhidi ya 1.1. Masasisho mawili makubwa yakishaingia, ile GB 64 imejaa, na mara nyingi hakuna nafasi ya kuchomeka nyingine. Nimeona wanafunzi wakinunuliwa mashine hizi kwa upendo mkubwa na kuziacha kabla ya kumaliza mwaka wa pili.

Hesabu yangu

Bei hubadilika kwa mtaa na kwa mwezi, kwa hiyo chukua njia ya hesabu zaidi ya namba zenyewe. Mimi nilitumia shilingi 70,000 za Tanzania kwa SSD ya GB 256, shilingi 95,000 kwa betri, na shilingi 10,000 kwa pesti na spiriti, jumla shilingi 175,000. Siku hizohizo niliulizia laptopu ya kizazi cha nane yenye RAM ya GB 8, nikatajiwa shilingi 650,000 baada ya kupatana.

Watu wengi huishia kwenye kulinganisha 175,000 na 650,000, na baadhi hutumia kanuni ya nusu, kwamba matengenezo yakizidi nusu ya bei ya mbadala basi ununue. Mimi naona afadhali kugawa kwa miezi. Nikiipa mashine yangu iliyotengenezwa miezi 24, kila mwezi umenigharimu karibu shilingi 7,300. Ile ya 650,000 nikiipa miezi 48, kila mwezi ni karibu shilingi 13,500. Lakini kama ubao wangu wa zamani ungekufa mwezi wa nane, mwezi mmoja ungekuwa umenigharimu karibu shilingi 21,900, na akiba yote ingegeuka hasara. Miezi 24 haitoki mbinguni. Inatokana na kuiangalia mashine kama bado haijawahi kumwagikiwa, kama bawaba zake zinashika, na kama haina historia ya kujizima.

Hasara hiyo inaweza kupunguzwa kwa kununua kwanza vifaa vinavyohama. SSD ya M.2 uliyoiweka katika 840 G3 inaweza kuhamia katika 840 G5 siku utakapoinunua; ile ya inchi 2.5 haiwezi, kwa sababu G5 haina nafasi yake, ingawa itaingia katika ThinkPad T480. RAM ya DDR4 inahama, lakini DDR3L ya T460 inabaki na T460 hadi kaburini. Betri kwa kawaida haihami, ndiyo maana naiweka mwisho katika matumizi, hata kama ndiyo inayokera zaidi. Mwenye mashaka abadilishe diski na kusafisha feni leo, aishi na mashine kwa mwezi mmoja, kisha aamue kama inastahili betri. Betri yenyewe aiangalie kwa makini, kwa kuwa zipo bandia nyingi. Baada ya kuifunga aendeshe tena ile amri ya `powercfg` na kuona kama uwezo ulioandikwa unakaribiana na wa kiwandani.

Mimi niliibakiza ya kwangu, nikaiwekea Linux Mint, na sasa inawaka kwa sekunde zisizofika ishirini. Diski ya zamani niliitia katika kikasha cha USB, na ndiyo ninayohifadhia nakala za picha. Dada yangu, ambaye laptopu yake ilikuwa ndugu kabisa wa hii lakini anafanya hesabu za duka kwa programu ya Windows, nilimshauri anunue ya kizazi cha nane, tukaenda pamoja Kariakoo. Tulichomoa chaja mbele ya muuzaji, tukacheza video kwa robo saa na kutazama asilimia zinavyoshuka, tukaingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, kuhakikisha haijafungwa kwa nywila ya kampuni iliyoiacha, tukafungua ukurasa mweupe kioo kizima kutafuta madoa, tukakunjua bawaba mara kadhaa. Mwisho nikatoa bisibisi mfukoni na kuomba ruhusa ya kufungua kifuniko cha chini. Muuzaji wa kwanza alikataa, nasi tukaaga. Wa pili alifungua mwenyewe, akafuta vumbi la feni kwa brashi huku akituonyesha nafasi ya pili ya RAM iliyokuwa tupu, na huyo ndiye tuliyemlipa.